Aliyekuja Kusalimia

Haya ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa meno yangu matatu yaliyobaki, na kwa kiinua mgongo changu ambacho nacho kiko njiani mwaka wa sita huu. Chumvi sijaongeza, maana daktari amenikataza. Anayebisha aende mwenyewe, nchi ipo: unavuka mto, unavuka mpaka, unanyoosha mbele mpaka uone watu wamepanga foleni na hawajui ni ya nini. Hapo umefika. Jina lake silitaji, kwa sababu huko kutaja jina la nchi kunahitaji kibali.

Basi katika nchi hiyo alikuwapo mstaafu mmoja, Mzee Kipande, aliyekuwa mpima mvua wa serikali. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye kituo juu ya kilima, akipima maji ndani ya kopo na kuandika. Akiandika mvua kidogo, wizara inamletea barua kwamba takwimu zake zinawavunja wananchi moyo. Akiandika nyingi, wanamwuliza nani alimruhusu. Mwishowe akawa anaandika "ya kutosha" kila siku, masika na kiangazi, wakampa cheti.

Mzee huyu alikuwa na mke, akafa. Alikuwa na binti mmoja, Tausi, aliyekuwa akifanya kazi mji mkuu. Siku ya maziko ya mama yake Tausi alichelewa, si kwa kupenda. Msafara wa kiongozi ulikuwa unapita, na barabara ilifungwa toka alfajiri ili kiongozi asije akakutana na wananchi njiani. Akafika kaburi limeshafukiwa, watu wanakung'uta mchanga magotini. Mzee Kipande, mbele ya kadamnasi, akamwambia: "Umeshindwa kumwahi mama yako, usijisumbue kuniwahi mimi." Tausi akageuka na gari lile lile alilokuja nalo.

Hiyo ni miaka tisa. Kwa miaka tisa mzee alikuwa na maneno ya kumwambia binti yake, na kila akiyapanga yanatoka kama ripoti ya mvua.

Mwaka huu akajikaza. Akaandika barua kwa namba ya sanduku la posta ambalo hakuwa na hakika kama bado ni la Tausi. "Nakuja huko. Nitafikia Hoteli ya Taifa, toka Jumatatu hadi Alhamisi. Ukipata nafasi, pita." Hakuandika zaidi, maana karatasi ilikuwa kubwa na yeye alikuwa mwoga. Jibu halikuja. Akakaanga visheti kopo zima, nusu vikaungua, akafunga begi, akaondoka.

Hoteli ya Taifa ya Amani na Utulivu ina ghorofa tano na ngazi za ghorofa tatu. Langoni kuna bango: USALAMA KWANZA, MGENI BAADAYE. Chini ya bango kuna koplo, koplo ana meza, na meza ina kitabu. Kitabu hiki ninyi mnakijua, msijifanye hamkijui: jina, unakotoka, unakwenda kwa nani, namba ya simu, madhumuni, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Nchi ile mtu asiyeandikwa kitabuni hayupo, hata akikukanyaga. Mvua ikinyesha walinzi huiacha bunduki nje wakakimbilia ndani na kitabu.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema Koplo Mabruki, mwenye kitabu chake. "Madhumuni?"

"Marahaba. Kulala."

"Kulala na nani?"

"Na uzee wangu."

Koplo akaandika: watu wawili.

Mapokezi alikuwapo Bi. Leokadia, nyuma ya kioo kilichoandikwa KARIBU, na kioo kile hakikuwa na tundu. Ukitaka akusikie unainama mpaka chini, kwenye upenyo wa kupitishia karatasi. Mzee akainama.

"Ufunguo huo hapo, mzee," akasema Bi. Leokadia. "Unafungua vyumba vyote sitini, ili ukikosea mlango usipate tabu."

"Na komeo la ndani lipo?"

"Makomeo yalikuwa yanaibiwa, tukayang'oa. Sasa yako stoo, yana mlinzi wake usiku na mchana. Toka tuyang'oe halijaibwa hata moja."

Mzee akashukuru, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mtu anayengoja kushukuriwa.

Chumba namba ishirini na mbili kilikuwa na kitanda, simu ya mezani, kiti kimoja, na picha ya Mtukufu Mkuu wa Nchi juu ya kitanda. Mkabala nayo palikuwa na picha nyingine ya Mtukufu, ili ya kwanza isijisikie mpweke. Mzee akatazama kiti. Akashuka ngazi, akainama kwenye upenyo.

"Mwanangu, naomba kiti cha pili. Nategemea mgeni."

"Chumba cha mtu mmoja kina kiti kimoja."

"Lakini langoni tumeandikwa wawili."

"Basi mmoja wenu atasimama."

Akapanda tena. Akakisogeza kile kiti kielekee dirishani, pasipo jua kali, akaweka kopo la visheti pembeni yake. Tausi alipokuwa mdogo alikuwa analamba sukari ya juu, kisheti chenyewe anakirudisha sahanini, na mama yake anagomba. Mzee akakaa kitandani ili kiti kibaki cha mgeni.

Jumatatu ikapita. Kila akisikia hatua koridoni anavaa kofia. Hatua zikipita mlango, anaivua.

Jumanne akainua simu ya chumbani. Iliita muda mrefu, na kwa kuwa mlango haufungiki, alikuwa anaisikia ikilia huko chini. "Mapokezi hayapokei simu," akapaza sauti Bi. Leokadia toka chini baadaye kidogo. "Shuka." Akashuka, akainama.

"Kuna mtu aliyeniulizia?"

"Kuulizia kunafanyika kwa simu, mzee."

Akapanda. Magoti yalikuwa na umri wake, pengine yalimzidi.

Jumatano alianza kumtetea binti yake mbele ya Mtukufu. Pengine barua haikufika. Pengine ana safari ya kikazi. Pengine sanduku la posta ni la mtu mwingine sasa, mtu ambaye naye atajiuliza huyu baba ni wa nani. Mtukufu aliendelea kutabasamu, na yule wa mkabala naye vivyo hivyo, wala hapakuwa na mmoja wa kusema "pole". Saa kumi jioni mzee akafungua kopo, akala kisheti kimoja, akajiambia kimoja si hoja.

Alhamisi, siku ya mwisho, akaenda kupanga foleni ya yai. Pale hotelini kila mgeni ana haki ya yai moja la asubuhi, ila yai lisainiwe na mpishi, na mkaguzi, na mtu wa Wizara ya Mifugo ambaye anatoka kwao mbali. Toka saa moja na nusu asubuhi mzee alisimama na sahani yake. Mbele yake palikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anasubiri yai la juzi. Hatimaye akapata lake, limeshapoa, akarudi nalo chumbani saa nne na nusu.

Begi halikuwapo. Simu yake ya mkononi iliyokuwa kwenye begi haikuwapo. Kopo la visheti halikuwapo, mto haukuwapo, na picha moja ya Mtukufu haikuwapo pia. Kiti kilikuwapo. Siku nne kiti kile hakikukaliwa na mtu. Sasa mbele yake sakafuni palikuwa na chengachenga na vumbi la sukari. Aliyekuja alikuwa amekaa, akala visheti viwili vitatu, akatazama dirishani. Mzee Kipande aliweka yai mezani. Kilichomshangaza ni kwamba hakukasirika papo hapo. Kwanza alifurahi kwamba kumbe vililika.

Hasira ilimfikia ngazini. Ilikuwa imeshapevuka alipofika ofisi ya Dakta Ponsiano, Meneja Mkuu, Mlezi wa Wageni na Mwenyekiti wa Kamati ya Tabasamu.

"Nimeibiwa," akasema mzee.

Meneja akainuka, akakaa, akainuka tena ili maneno yake yatoke yakiwa wima. "Mzee wangu mpendwa, neno hilo ni zito. Katika hoteli hii wizi ulipigwa marufuku kwa waraka namba kumi na nne. Kwa hiyo kilichotokea hakiwezi kuwa wizi. Hiki tunakiita upungufu wa mali uliofuata utaratibu. Mwizi ni mtu anayeingia bila kuandika. Koplo Mabruki, lete kitabu tumwoneshe mzee wetu."

Kitabu kikaletwa kwa mikono miwili. Na kweli, kilikuwa kimejazwa vizuri. Jina: Bwana Mkono. Anatoka: humu humu mjini. Anakwenda: chumba 22. Namba ya simu ilikuwa ya Mzee Kipande mwenyewe, kwa sababu ilijazwa wakati wa kutoka. Madhumuni: kuchukua. Kuingia saa nne na dakika tano, kutoka saa nne na ishirini. Maoni: huduma nzuri, koplo amenisaidia begi.

"Unaona mwandiko?" akasema Meneja. "Mtu mstaarabu."

Lakini macho ya mzee yalikuwa yameshahama. Mistari michache juu ya Bwana Mkono aliona herufi T yenye mkia mrefu. Mkia ule aliufundisha yeye, kule kilimani, nyuma ya fomu za mvua, akiwa amemshika mtoto mkono.

Jina: Tausi. Anakwenda kwa: baba. Madhumuni: kumsalimia. Juu yake ulipigwa mhuri mwekundu: IMEKATALIWA. Hiyo ilikuwa Jumatano. Ukurasa huo huo, juu, Jumanne: Tausi, baba, kumsalimia, imekataliwa. Na juu kabisa, Jumatatu, kalamu imechimba karatasi kwa nguvu: Tausi.

Mzee akaweka kidole juu ya mkia ule.

"Huyu alikuja?" akauliza.

"Mara tatu," akasema Koplo Mabruki, kama anayemsifu. "Mtu wa kufuatilia sana."

"Ukamrudisha."

"Ningefanyaje, mzee wangu? Kwa asiyelala hapa, madhumuni yanayokubalika ni matano: ukaguzi, ukarabati, semina, kuleta na kuchukua. Kusalimia hakumo. Na ukifikiri, ni haki. Aliyekuja kuchukua, akishachukua anaondoka, saa ya kutoka naiandika. Aliyekuja kusalimia baba yake anaondoka saa ngapi? Nitaandika nini mimi hapa?" Koplo akashusha sauti. "Jana nilimwonea huruma. Nikamwambia, dada, andika kuleta, nikupitishe. Akaniambia, sikuleta kitu. Nikamwambia, basi andika kuchukua. Akasema, wala sichukui kitu, nimekuja kumsalimia baba. Akaandika vile vile mara ya tatu. Sijui ubishi ule kautoa wapi."

Mzee alijua.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Hapo akajibu Meneja, kwa upole wa mtu aliyejibu hivyo mara nyingi. "Mgeni haambiwi aliyekataliwa. Inamvurugia utulivu."

Kwenye ile safu ya namba za simu, pembeni ya jina la Tausi, palikuwa na namba. Mzee alinyoosha shingo, na Meneja akakifunga kitabu. "Namba za watu ni siri, mzee wangu. Sisi hapa tunalinda watu."

"Nani anaruhusiwa kukisoma?"

"Hakuna. Labda anayeingia, wakati wa kuandika."

Mzee Kipande akaaga. Akashuka, akatoka langoni, akaenda mpaka kwenye kona ya ukuta, akahesabu pumzi kumi, akarudi.

"Karibu," akasema Koplo Mabruki, akimtazama kama hajawahi kumwona, maana hakuwa ameandikwa bado. "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mzee Kipande, chumba ishirini na mbili."

"Mnahusiana vipi?"

"Tunafahamiana kidogo."

"Madhumuni?"

"Ukaguzi."

Koplo akasimama wima, akapiga saluti, akamgeuzia kitabu na kumpa kalamu. Kisha akainua simu kupiga chumba ishirini na mbili. Iliita na kuita huko juu kwenye chumba kitupu. Mzee akaandika polepole kwa mkono wa kulia. Akapandisha macho mistari michache juu, na kila tarakimu aliyoiona akaihamishia kiganjani mwake mwa kushoto.

"Mwenyeji wako hayupo, afande," akasema koplo.

"Huwa hayupo," akasema Mzee Kipande. "Nitamsubiri."

Akapewa benchi la wageni, hapo hapo langoni. Alikaa kwa sababu Alhamisi ilikuwa haijaisha, na mtu aliyekuja mara tatu anaweza kuja mara ya nne. Walipita wa semina, wakapita wa kuleta, wakapita wa kuchukua, mmoja amebeba kioo cha bafuni, naye akapigiwa saluti. Jua likampanda kutoka miguuni hadi magotini, kutoka magotini hadi kifuani. Kila mwanamke aliyekuja na mkoba, mzee aligusa kofia. Saa kumi na mbili koplo akafunga kitabu. Tausi hakuja, na mwenyeji wake naye hakurudi.

Basi akatoka pale, akampigia binti yake simu. Tausi akaja na magari kumi na mawili, na safari hii msafara wa kiongozi ndio uliosimamishwa ili yeye apite. Meneja akalia. Kitabu kikachomwa moto uwanjani bendi ikipiga, Koplo Mabruki akakirukia kukizima akaungua masharubu, Mtukufu mwenyewe akatangaza Siku ya Taifa ya Kusalimiana, na baba na binti wakakaa wakila visheti mpaka

"Simu alipiga na nini?"

Aliyeuliza ni Bi. Saumu, mwenye birika, ambaye kibarazani kwake hapa tunakunywa kahawa kila jioni. Alikuwa ananisikiliza toka mwanzo, na kikombe changu hakukijaza.

"Na simu," nikasema.

"Si ilibebwa?"

"Aliazima."

"Na visheti?"

"Walikaanga vingine."

"Haya. Lete mkono."

Nikampa wa kulia.

"Huo mwingine."

Akanifungua vidole kimoja kimoja kama anayemenya kitunguu, akakielekeza kiganja changu kwenye mwanga. Watu wote sita wa pale barazani wakainama kutazama.

"Hii nini?"

"Nimeungua na jiko."

"Jiko la kuandika sifuri saba," akasema Chande, fundi cherehani, na akajuta papo hapo, maana hakuna aliyecheka.

"Shomari," akaniita Bi. Saumu. "Jina lako umelibadilisha vizuri, la mtoto umelisahau. Tausi nimemsuka mimi nywele mpaka anakwenda bweni."

"Mimi nilijua toka kwenye kopo la mvua," akasema Chande.

"Siku ngapi hizi toka urudi?"

"Tano."

"Ndiyo maana juzi kwenye pilau la kina Mwinjuma ulinawa mkono mmoja. Nikasema huyu mzee kapatwa na nini." Hakuniachia mkono. "Unasubiri nini?"

Uongo ninao mwingi, mnanijua. Nilipapasa kote, hakuna hata mmoja uliokuwa karibu.

"Nasubiri wino ufutike," nikasema. "Ukifutika wenyewe, haitakuwa mimi niliyeshindwa kupiga."

Bi. Saumu akasoma kiganja changu kwa kukifinyia macho. "Hii ya mwisho ni moja au saba?"

"Sijui tena. Imefifia."

"Basi tutapiga zote mbili."

Akatoa simu yake kwenye pindo la kanga. Ile yenye moja ikapokewa na bwana mmoja muuza saruji, mwenye adabu sana, akaniuliza nataka mifuko mingapi. Nikamwomba radhi. Bi. Saumu akabonyeza yenye saba, akanishikiza simu mkono wa kulia, akaweka vikombe sita mbele ya watu sita, na cha saba mbele yangu. Kibarazani hapa mwenye kunaswa na uongo ndiye anayenunua, na hiyo haina rufani.

Nikalipa kahawa ya wote kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo siku nyingine lingenipatia maneno. Bi. Saumu akapokea. Hakuna aliyegusa kikombe chake. Simu ilikuwa inaita.